Sauti Iliyotengana na Sura: Marguerite Duras kati ya Riwaya na Sinema

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili tumezoea kuijadili sinema kana kwamba ni mla riwaya. Riwaya hutungwa, hupata sifa, kisha watu wa filamu huichukua, wakaipunguza, wakaipamba na kuiuza; naye mtunzi hubaki pembeni akilalamika. Marguerite Duras, mwandishi Mfaransa aliyefariki mwaka wa 1996, anatulazimisha kuutazama upya uhusiano huu. Yeye alilalamika kama wengine, lakini hakuishia hapo. Aliishika kamera mwenyewe, akatengeneza filamu zinazokaribia 20, ndefu na fupi, na kwa takriban miaka kumi akaiweka riwaya kando kabisa. Makala haya yananuia kuyafuatilia maisha yake na kazi yake ya filamu kwa pamoja. Tunashikilia kwamba ile mbinu iliyompa jina katika sinema, yaani kuitenga sauti na picha, haiwezi kueleweka barabara pasipo kuirejelea koloni alikozaliwa na kulelewa. Kwa wasomaji kama sisi, ambao historia ilituweka upande wa pili wa ukoloni, suala lenyewe ni zito: je, mtunzi anayekataa kumwonyesha mtawaliwa kwenye picha anamstahi au anamfuta?

Alizaliwa tarehe 4 Aprili 1914 huko Gia Dinh, karibu na Saigon, katika Indochina ya Wafaransa. Jina lake la kuzaliwa ni Marguerite Donnadieu. Wazazi wake wote wawili walikuwa walimu. Baba alifariki Ufaransa mwaka wa 1921, na mama akaachwa na watoto watatu, wavulana wawili na msichana mmoja, akiwalea kwa mshahara wa mwalimu wa shule za wenyeji katika miji midogo ya mto Mekong. Hali hii inafaa kuzingatiwa. Familia hii ilikuwa ya kizungu, na kwa hiyo ilikuwa ya watawala. Lakini katika ngazi za watawala wenyewe ilikaa chini, karibu na wale iliowatawala. Mtoto alicheza na watoto wa Kivietinamu na kuizungumza lugha yao. Hakuwa mmoja wao, na wazungu wenye mali nao hawakumhesabu kuwa wao.

Katika miaka ya mwisho ya 1920 mama alitumia akiba yake yote kununua shamba huko Prey Nob, pwani ya Kambodia. Shamba hilo lilifunikwa na maji ya chumvi kila mwaka na mpunga ukafa. Kisa hiki ndicho kiini cha riwaya Un barrage contre le Pacifique, iliyotoka mwaka wa 1950, ambamo mama anawashawishi wakulima wa bondeni wajenge naye ukuta wa kuizuia bahari, na bahari inaubomoa. Bahari yenyewe, msimulizi anatukumbusha, si Pasifiki bali ni ile ya China tu. Ni mama aliyeikuza kwa jina ili ilingane na ghadhabu yake. Hata hivyo, adui mkuu katika riwaya si maji. Ni maafisa wa ardhi wanaojua vyema kuwa viwanja vile havilimiki, na wanaowauzia wasiojua kutoa mlungula. Msomaji wa Kenya hahitaji mhakiki wa kumfafanulia sehemu hiyo.

Kati ya shamba la Prey Nob na riwaya ya 1950, lakini, kuna kitabu kingine ambacho wapenzi wa Duras hupenda kukiruka. Baada ya kuhamia Ufaransa kwa masomo ya sheria na siasa, binti huyu aliajiriwa mwaka wa 1938 katika Wizara ya Makoloni jijini Paris. Mwaka wa 1940, kwa jina lake la Donnadieu na kwa ushirikiano na Philippe Roques, alichapisha kitabu kiitwacho L'Empire français, kilichokusudiwa kuwaaminisha Wafaransa kuwa milki yao ni kubwa, ni tukufu na itawafaa katika vita. Humo tunazikuta fikra zote za kawaida za kibeberu: mbari zilizopangwa kwa daraja, mkoloni mlezi, mtawaliwa mtoto. Baadaye hakukiweka kitabu hicho katika orodha ya kazi zake. Kwa maoni yetu, hatuna haja ya kukitumia kama fimbo ya kumpigia maisha yake yote. Wala hatuna ruhusa ya kukisahau. Huyu ni mtu aliyewahi kuiandika sauti rasmi ya dola akiwa ndani ya ofisi yake. Alijua jinsi sauti hiyo inavyotungwa, na jinsi inavyoweza kusimama peke yake, bila uso wa mtu yeyote nyuma yake. Miaka thelathini na mitano baadaye angezijaza filamu zake sauti za namna hiyo.

Vita vilimbadilisha. Mwaka wa 1942 alipoteza mtoto wakati wa kujifungua, na mwaka huohuo kakake Paul, aliyempenda kupita wote, akafa Saigon. Mwaka wa 1943 alichapisha riwaya yake ya kwanza, Les Impudents, akitumia jina la Duras, kijiji cha kusini-magharibi mwa Ufaransa karibu na nyumba ya babake. Wakati huohuo aliingia katika kundi la upinzani dhidi ya Wajerumani lililoongozwa na François Mitterrand, ambaye baadaye alikuwa rais. Mumewe, Robert Antelme, alikamatwa Juni 1944 na kupelekwa katika kambi za Buchenwald na Dachau, akarudishwa mwaka wa 1945 akiwa mifupa mitupu. Duras alijiunga na Chama cha Kikomunisti na kuachana nacho kufikia mwaka wa 1950. Mwaka wa 1960 alikuwa miongoni mwa watu 121 waliotia sahihi tamko la kuunga mkono haki ya vijana wa Ufaransa kukataa kupigana Algeria. Kwa hiyo mwandishi wa kitabu cha 1940 alikuwa amesafiri mbali, ingawa safari yenyewe hakupenda kuisimulia kuanzia mwanzo wake.

Sinema ilimjia kwanza kama fedha. Haki za filamu za Un barrage zilinunuliwa, René Clément akaiongoza filamu hiyo kwa ajili ya mtayarishaji wa Italia, Dino De Laurentiis, ikapigwa kwa sehemu nchini Tailandi, nao Silvana Mangano na Anthony Perkins wakawa watoto wa mama wa Prey Nob. Kwa malipo hayo Duras alinunua nyumba Neauphle-le-Château, nje ya Paris. Filamu haikumridhisha; nyumba ilimridhisha sana, na baadaye ikawa studio yake. Peter Brook naye aliifilimu Moderato cantabile mwaka wa 1960, na Jeanne Moreau akapata tuzo ya mwigizaji bora wa kike huko Cannes. Wakafuata Jules Dassin na Tony Richardson na riwaya nyingine. Hatutakaa juu ya filamu hizo. Zinahadithia yaliyotokea katika vitabu vya Duras, ilhali katika vitabu vya Duras mambo yanayotokea ni machache mno. Uzito wao umo katika namna ya kusema, katika kurudiarudia, katika kimya kilichopo kati ya jibu na swali. Ukikiondoa kimya unabaki na mwanamke, mwanamume na mkahawa.

Aliyeutambua uzito huo ni Alain Resnais. Baada ya filamu yake juu ya kambi za mauti za Wanazi, Resnais aliombwa atengeneze filamu ya hali halisi kuhusu bomu la atomiki. Aliona kuwa jambo hilo haliwezekani kwa njia ya kawaida, akamwendea Duras amwandikie mswada. Inasimuliwa kuwa alimtaka aandike fasihi na aisahau kamera. Matokeo yake ni Hiroshima mon amour ya mwaka wa 1959. Mwigizaji wa Kifaransa yuko Hiroshima kwa ajili ya filamu kuhusu amani. Anakutana na msanifu majengo Mjapani. Kwa muda wa siku moja na ushei wanapendana na kusemezana. Katika sehemu ya kwanza sauti ya mwanamke inadai kuwa ameyaona yote, hospitali, makumbusho, picha za walioungua, nayo sauti ya mwanamume inakana dai hilo kila mara. Picha zinatuonyesha vitu vilevile ambavyo mwanamume anakana kuwa vimeonekana. Hapo mtazamaji anatumbukizwa katika shaka ambayo sinema ya kawaida huikwepa: picha ni ushahidi wa nini? Mwanamke huyu hawezi kuijua Hiroshima mpaka aisimulie Nevers yake, mji alikompenda askari wa Kijerumani, akanyolewa nywele na kufungiwa chini ya nyumba. Baadhi ya watu wamelalamika kwamba kifo cha maelfu kimefanywa pazia la huzuni ya Mfaransa mmoja. Lalamiko hilo lina nguvu. Hata hivyo, anayelitoa sharti aeleze kwa nini filamu inampa Mjapani mamlaka ya kukana, na kwa nini haimnyang'anyi mamlaka hayo hata mwishoni. Mswada ulipendekezwa kwa tuzo ya Oscar. Mwaka wa 1961 filamu nyingine aliyoiandika pamoja na Gérard Jarlot, Une aussi longue absence, iliyoongozwa na Henri Colpi, ilipata tuzo kuu ya Cannes kwa kugawana na Viridiana ya Luis Buñuel.

Duras alianza kuongoza filamu mwenyewe na La Musica, iliyotoka mwaka wa 1967 kwa ushirikiano na Paul Seban, kisha peke yake na Détruire, dit-elle mwaka wa 1969. Baada ya riwaya fupi L'Amour ya 1971 hakutoa riwaya nyingine hadi mwaka wa 1980. Wapo waliouita muongo huu likizo. Sisi tunauona kuwa ndio kilele cha utunzi wake, na tutatoa hoja yetu kwa kuiangalia kwa karibu filamu moja.

India Song ilianza kama tamthilia aliyoagizwa na Peter Hall kwa ajili ya jumba la taifa la maigizo mjini London. Ilipochapishwa mwaka wa 1973 jalada liliiita matini, tamthilia na filamu kwa wakati mmoja, na kila anayefundisha utanzu atajua usumbufu wa kuipangia rafu. Filamu ilitoka mwaka wa 1975. Hadithi ni ya Anne-Marie Stretter, mke wa balozi wa Ufaransa mjini Calcutta katika miaka ya 1930, na ya wanaume wanaomzunguka, hasa makamu wa konseli aliyefukuzwa Lahore kwa kuwafyatulia risasi wakoma katika bustani za Shalimar. Tunaona jumba, piano, kioo kikubwa, uvumba unaofuka, watu waliovalia rasmi wakitembea polepole. Lakini hakuna mdomo unaofunguka kusema. Sauti zote zilirekodiwa mbali na picha. Zipo sauti za watu wasioonekana wanaojaribu kuikumbuka hadithi. Zipo sauti za wageni kwenye karamu wanaosengenya. Ipo ya makamu wa konseli anayepiga kelele kwa uchungu wa mapenzi tukiwa hatumwoni. Waigizaji, Delphine Seyrig na Michael Lonsdale wakiwa mbele, walisikilizishwa rekodi hizo wakati wa kupigwa picha, wakawa kama watu wanaosikia masimulizi ya kifo chao wenyewe.

Aidha, India haimo. Filamu yote ilipigwa Ufaransa, na sura ya nje ya ubalozi ni jumba la Rothschild lililotelekezwa huko Boulogne, karibu na Paris. Mtu wa historia atapinga pia kwamba katika miaka hiyo makao makuu ya serikali ya Waingereza yalikuwa Delhi, si Calcutta. Duras alijua na hakujali. Calcutta yake ni jina tu linalotamkwa na watu waliojifungia dhidi ya joto, ukoma na njaa, watu wanaoiogopa nchi wanayoitawala kiasi cha kutothubutu kufungua dirisha. Tunapoitazama India Song tunawaona wakoloni jinsi wasivyojiona: wamekwisha kufa, na bado wanacheza dansi.

Nje ya dirisha hilo kuna sauti moja nyingine. Ni ya mwanamke ombaomba aliyetoka Savannakhet, huko Laosi, ambaye katika riwaya Le Vice-consul ya mwaka wa 1966 alifukuzwa na mamake kwa kupata mimba, akatembea miaka kumi hadi Calcutta, akamwacha mtoto njiani na kupoteza akili. Katika filamu tunamsikia akiimba, akicheka na kupayuka kwa lugha yake. Hatumwoni kamwe. Tena hatafsiriwi. Duras aliwahi kueleza kuwa chanzo cha mhusika huyu ni ombaomba aliyemuuzia mamake mtoto mchanga, enzi za utoto wake.

Hapa ndipo swali letu la awali linapouma. Mtu anaweza kusema, tena kwa haki, kwamba huku ni kumfuta: mzungu amepewa uso, nguo nyekundu na muziki wa Carlos d'Alessio, ilhali Mwasia amebaki kilio kilicho nje ya ukuta. Usawiri wa mtawaliwa kama mwendawazimu asiyeeleweka ni wa kale katika fasihi ya kikoloni, na hatuwezi kuusamehe kwa sababu tu unafanywa kwa ustadi. Lakini tuitazame fani kabla ya kutoa hukumu. Katika filamu ambamo kila sauti imeng'olewa mwilini, sauti ya ombaomba ndiyo inayotufikia kwanza, juu ya picha ya jua linalozama, kabla ya mzungu yeyote kutajwa. Wazungu nao wana miili isiyo na sauti. Ukumbi mzima wa ubalozi umepangwa ili wimbo wake usisikike, nao unasikika. Kumweka mbele ya kamera kungemfanya kuwa mandhari, kama walivyofanywa wenyeji katika filamu nyingi za enzi hizo, pamoja na ile ya Clément. Duras, aliyewahi kuandika juu ya mbari za milki kwa niaba ya wizara, safari hii anakiri kwa fani yake kuwa uso ule si wake kuuonyesha. Tunauita huo unyofu. Ukombozi ni jambo jingine, na hatudai kuwa filamu imeufikia.

Mwaka uliofuata alifanya jambo ambalo hatujaona mfano wake. Aliuchukua ukanda uleule wa sauti wa India Song, neno kwa neno, akauweka juu ya picha mpya za jumba lilelile likiwa gofu: kuta zilizobanduka, madirisha yaliyovunjika, giza. Hii ndiyo Son nom de Venise dans Calcutta désert ya 1976. Fanani ni yuleyule, ngano ni ileile, ila kijiji kimehama. Kisha ikaja Le Camion ya mwaka wa 1977, ambamo Duras na Gérard Depardieu wanaketi mezani nyumbani Neauphle, karatasi mkononi, na kusoma mswada wa filamu ambayo ingetengenezwa kama ingetengenezwa. Katikati tunaliona lori la buluu likipita barabarani. Watazamaji wengi wa Cannes hawakupendezwa. Kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi, hata hivyo, filamu hii si kitendawili kigumu kama ilivyodaiwa: mtu anasema, mwingine anasikiliza na kuuliza, nayo picha inachorwa kichwani mwa hadhira.

Kuna filamu fupi ambayo hutajwa kwa nadra na ambayo tunaipa nafasi kubwa kuliko wengi. Les Mains négatives ya 1979 ilitokana na picha zilizobaki baada ya filamu nyingine, Le Navire Night. Gari linapita katika mitaa ya Paris alfajiri, usiku ukigeuka buluu na buluu ikigeuka mchana. Sauti ya Duras inasimulia juu ya alama za mikono zilizoachwa na watu wa kale katika mapango ya Ulaya inayoelekea Atlantiki, na mtu mmoja aliyesimama humo maelfu ya miaka iliyopita akilia kuwa anapenda, pasipo wa kumsikia. Wanaoonekana katika mitaa hiyo saa hiyo ni wafagizi, wengi wao wakiwa watu weusi, na wanawake waliokuja kusafisha maofisi. Jua likipanda, wanatoweka na jiji linawajia wenyewe. Matini haiwataji. Lakini aliyezipanga picha hizo chini ya maneno hayo alijua alichokuwa akikifanya. Milki iliyosifiwa mwaka wa 1940 imefika mlangoni mwa Paris ikiwa na ufagio, na safari hii sura zipo na sauti ndiyo isiyokuwepo.

Alipoendelea na mkondo huo alifika ukingoni. L'Homme atlantique ya 1981 ni giza kwa sehemu kubwa. Picha chache ni masalio ya filamu ya Agatha, na sauti inaendelea juu ya skrini nyeusi. Duras alichapisha tahadhari katika gazeti la Le Monde akiwasihi watu wasiokuwa tayari wasiende kuitazama. Baada ya hapo zilibaki mbili tu, ya mwisho ikiwa Les Enfants ya mwaka wa 1985, aliyoiongoza pamoja na mwanawe Jean Mascolo na Jean-Marc Turine.

Riwaya ilirudi kwa kishindo. L'Amant ilianza kama maelezo ya kuambatanishwa na albamu ya picha za familia, na kiini chake ni picha ambayo haikupigwa: msichana wa miaka kumi na tano na nusu kwenye kivuko cha Mekong, akiwa na kofia ya kiume, kabla ya kukutana na Mchina tajiri atakayekuwa mpenziwe. Kitabu kilipata tuzo ya Goncourt mwaka wa 1984. Jean-Jacques Annaud alipoamua kuipiga picha hiyo isiyopigwa, kwa mto halisi na kofia halisi, ugomvi haukuepukika. Duras, aliyekuwa ameshirikishwa mwanzoni, alijitenga na kuiandika hadithi upya kwa jina la L'Amant de la Chine du Nord, iliyotoka mwaka wa 1991 ikiwa na maelekezo ya kamera kwa yeyote atakayetaka kuifilimu. Filamu ya Annaud, iliyotoka mwaka wa 1992, ni nzuri kwa macho na imepita kiasi katika kuonyesha. Kilichosalia cha Duras humo ni sauti ya Jeanne Moreau inayosimulia.

Alifariki Paris tarehe 3 Machi 1996, akazikwa katika makaburi ya Montparnasse. Miaka kumi na miwili baadaye, mwaka wa 2008, Un barrage contre le Pacifique ilifilimiwa mara ya pili. Isabelle Huppert aliigiza mama. Mwongozaji alikuwa Rithy Panh, mzaliwa wa Phnom Penh aliyepoteza jamaa zake chini ya utawala wa Khmer Rouge. Yeye aliipiga filamu Kambodia kwenyewe, na wakulima ambao Duras aliwaweka pembeni mwa sentensi, na Clément akawaweka nyuma ya nyota wake, aliwasogeza karibu na kamera, akawapa madai yao ya ardhi na lugha yao ya kuyasemea.